Mafunzo Niliyopata Nikiwahudumia Vijana Katika Shule za Kariakoo

Mimi ni muuguzi mkunga wa serikali. Kwa miaka mingi sehemu ya kazi yangu imekuwa kutoka kituoni na kwenda shuleni, kwenye sekondari na kwa watoto wakubwa wa shule za msingi, katika eneo linaloanzia Gerezani hadi Jangwani, Kariakoo ikiwa katikati. Halmashauri inaiita afya shuleni. Nayaandika haya kwa wauguzi wapya wanaopangiwa kazi hii, kwa walimu wanaotupokea, na kwa wazazi wanaotuachia watoto wao. Niseme mapema ninachokiamini: kijana anahitaji mhudumu mmoja anayemfahamu kwa sura, anayefika siku inayojulikana, na asiyetoa siri. Dawa, mabango na vipeperushi vina nafasi yao, lakini huja baada ya hapo.

1. Anayesoma Kariakoo mara nyingi halali Kariakoo

Zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi katikati zimebomolewa moja baada ya nyingine, na mahali pake yamesimama maghorofa ya maduka na stoo. Wenyeji wamehamia pembezoni. Shule zimebaki palepale. Watoto wanaojaza madarasa yake wanatoka Mbagala, Gongo la Mboto, Kinyerezi, Kimara, wengine Chanika. Wanaamka saa kumi alfajiri, wanapambana na daladala au mwendokasi, na wanaporudi nyumbani magharibi imeshaingia. Zahanati ya mtaani kwao imefunga tangu saa tisa na nusu. Jumamosi wako tuisheni. Ukimwambia mtoto huyu "nenda kituo cha karibu na kwenu", umemwambia asiende popote.

Ndiyo maana huduma lazima imkute shuleni, au katika kituo kilicho hatua chache kutoka shuleni, ndani ya saa ambazo yupo mjini.

Safari yenyewe nayo ni suala la afya. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, na konda anayeweza kujaza gari kwa watu wazima hamtaki mwenye sare. Msichana anaachwa kituoni gari la kwanza, la pili, la tatu, na mwalimu wa zamu anamsubiri getini na fimbo. Anapotokea dereva wa kumwambia "panda mbele, mdogo wangu", au kijana wa bodaboda wa kumpa lifti kila asubuhi, msaada huo una bei yake baadaye. Miaka ya nyuma redio zilitangaza sana habari za fataki, yule mtu mzima anayewanasa wanafunzi kwa chipsi na vocha. Fataki wa Dar es Salaam niliowasikia zaidi midomoni mwa wasichana hawakuwa matajiri wenye magari ya kifahari. Walikuwa watu wa usafiri. Kwa hiyo katika mazungumzo ya kwanza na msichana huwa namuuliza, "Unafikaje shule?" Jibu hufungua mengi kuliko swali lolote la mwilini.

2. Kampeni hufanya kazi yake, kisha huondoka

Sizidharau kampeni. Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza nchi nzima Aprili 2018, ilikuwa kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Aprili 2024 ikawa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Saratani hii ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko jiji hilihili, na yeyote aliyewahi kumsindikiza mgonjwa pale, akamwona mama wa miaka arobaini na ushei aliyefika ugonjwa umeshaenea, hawezi kuichukulia sindano hii kwa wepesi.

Zipo pia siku za dawa za kichocho na minyoo kwa shule za msingi. Prazikuanteli hutolewa kwa kumpima mtoto kwenye ule mti wenye alama, kwa urefu wake. Ikimezwa na njaa huleta kichefuchefu na kizunguzungu, hivyo uji lazima uwepo kwanza. Asiyezingatia hilo atamwona mtoto mmoja akitapika mbele ya wenzake, foleni nzima inatawanyika, na uvumi unafika Mtaa wa Kongo kabla ya saa nne asubuhi.

Lakini maswali ya kijana hayana tarehe ya kampeni. Siku ya chanjo kuna msichana atakayebaki nyuma, atakunja mkono wa sweta na kusema kwa sauti ndogo, "Sista, nina swali." Nyuma yake kuna wenzake mia wanasukumana, dereva anapiga honi, na boksi la chanjo lina shule nyingine ya kufika. Anarudi na swali lile nyumbani. Ninaposikia kwamba tumefikia lengo la chanjo nafurahi kwa dhati, na papo hapo nawaza maswali yale.

Uvumi pia huuawa na mazoea. Maneno kwamba chanjo inafunga kizazi yamezunguka shule zote. Pale ninapokwenda kila wiki, mzazi alimtuma mtoto aniulize, nikajibu, yakaisha. Pale ambapo timu hufika mara moja kwa mwaka na gari lenye vipaza sauti, wasichana walijificha.

3. Nesi aliyekuja na vikombe vya mkojo hatasikia siri ya mtu

Hili limenifundisha kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Kwa miaka mingi katika shule nyingi nchini wasichana walipimwa mimba kwa lazima, darasa kwa darasa, na aliyekutwa nayo alifukuzwa. Kanuni za mwaka 2002 ziliwapa wakuu wa shule mlango wa kufanya hivyo. Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba aliyezaa hatarudi shule ya serikali. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatoa waraka unaowaruhusu warudi, na Februari 2022 ukafuata mwongozo wa namna ya kuwarejesha. Mwaka huohuo wa 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliitaka Tanzania kuacha kabisa upimaji wa lazima.

Mlango umefunguliwa kwenye karatasi. Kichwani mwa wasichana bado umefungwa. Nilipoanza kuingia katika shule moja, wasichana waliiona sare yangu wakatoweka vyooni. Hawakunichukia. Kwao nesi alikuwa mkono wa ofisi ya nidhamu: akija, mmoja wao haonekani tena.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Utafiti kama huo wa 2015/16 ulikuwa na asilimia 27. Tumepunguza, lakini bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano. Sisi wakunga tunataka mjamzito aanze kliniki kabla ya wiki 12, apimwe damu, presha, VVU na kaswende, aanze vidonge vya madini ya chuma. Msichana mdogo ndiye anayetuhitaji zaidi, maana kifafa cha mimba na upungufu wa damu humwandama. Sasa huyu anayeogopa kufukuzwa hufanya nini? Hujifunga kanga tumboni chini ya sketi na kufika kliniki mwezi wa saba. Wengine hutafuta mtu wa kuitoa, vichochoroni, na tunawapokea usiku wakiwa na homa na damu isiyokoma.

Kilichosaidia ni maneno machache niliyoyasema mbele ya mkuu wa shule na wasichana wakiwa pamoja, ili kila upande usikie mwenzake akisikia: mimi simpimi mtu kwa orodha. Anayetaka kupima atakuja mwenyewe. Majibu ni yake. Mkuu yule wa shule alikuwa mama mwenye busara, akasimama baada yangu akasema yeye hatadai majibu. Wiki zilizofuata walianza kuja, kwanza na habari za tumbo la mwezi, kisha na mengine.

Na kwenye mikutano ya wazazi huwa nausoma ule waraka kwa sauti. Nimekutana na wazazi wengi, tena wanaosoma magazeti kila siku, wasiojua kwamba mtoto wao aliyejifungua ana haki ya dawati lake. Wanajua zaidi ile sheria ya 2016 inayompeleka aliyempa mwanafunzi mimba jela miaka 30, na ndiyo maana familia nyingine humalizana na mwanaume kimyakimya, fedha zikapita, msichana akabaki bila shule na bila matibabu.

4. Omba chumba chenye mlango kabla ya kuomba dawa

Nimewahi kupewa kivuli cha mwembe, kona ya ofisi ya walimu, stoo ya mipira. Walimu hawana nia mbaya. Madarasa yenyewe hayatoshi, na shule za katikati ya jiji zimebanwa na maghorofa pande zote. Lakini kijana hawezi kusema anatokwa na usaha huku mwalimu wa hesabu anasahihisha madaftari meza ya pili. Sasa ninachodai ni mlango unaofungika, pazia dirishani na viti viwili.

Jambo la pili ni kutomtia alama anayeingia. Kila anayekuja kwangu napima uzito, urefu na macho, hata kama amekuja kwa jambo jingine. Nje wanajua tu kwamba "sista anapima macho". Na kweli napima: nimewakuta waliokuwa wakiitwa wavivu kumbe hawaoni ubao.

Jambo la tatu ni daftari. Halibaki shuleni, hata siku moja. Mwalimu akiniuliza, "Sista, yule ana nini?", jibu langu ni lilelile: "Mwalimu, naomba aruhusiwe afike kituoni Alhamisi." Tunaheshimiana, hivyo haulizi tena. Pale ambapo mtoto yumo hatarini, kwa mfano amebakwa au anapigwa nyumbani, namweleza mapema kwamba hilo siwezi kulinyamazia, na nampeleka mwenyewe. Hospitali ya Amana ina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja, na mtoto haelezi kisa chake upya kila dirisha.

5. Duka la dawa limetutangulia

Kariakoo ina maduka ya dawa kila mtaa. Kijana akiingia hakuna foleni, hakuna kadi, hakuna anayemuuliza ana miaka mingapi wala mzazi wake yuko wapi. Dakika mbili ametoka. Msichana ananunua P2 na kuimeza mara kwa mara kana kwamba ndiyo uzazi wa mpango wake, wakati ni ya dharura, ya ndani ya saa 72, na haikingi VVU wala kaswende. Mvulana anayetokwa na usaha anapewa vidonge vya antibaiotiki nusu dozi, kwa kadiri ya fedha aliyonayo. Dalili zinatulia, ugonjwa unabaki.

Kisha kuna chunusi. Watu wazima huziona jambo dogo, ila kwa mtoto wa kidato cha pili ni msiba. Anaingia sokoni anauziwa mkorogo, krimu zenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi, vitu ambavyo vingi vimepigwa marufuku Tanzania miaka mingi na bado vinapatikana chini ya meza. Nimeona nyuso za watoto zilizoungua. Nikianza mazungumzo ya darasani kwa habari ya chunusi, darasa zima linanyamaza na kusikiliza.

Wavulana wana lao. Nguzo za umeme zimejaa matangazo ya waganga wa nguvu za kiume, na vumbi la Kongo linauzwa kama karanga. Mvulana wa miaka 16, mzima kabisa, anaamini ana upungufu kwa sababu ya tangazo alilolisoma akisubiri gari. Wengine wameshaanza kuberi na ugoro. Huduma zetu nyingi zimeandaliwa kana kwamba afya ya kijana ni afya ya msichana peke yake, na wavulana wamelielewa hilo, hawaji. Nikienda na muuguzi wa kiume, tukakaa nao uwanjani baada ya mpira, maswali hayaishi: ndoto nyevu, maumivu ya korodani, hasira, usingizi.

Wauza dawa sikuwafanya maadui. Nimepita kwa waliopo jirani na shule, nikawaomba wakimwona mwenye sare wamwelekeze kituoni kwetu na siku yetu. Wengi wamekubali, maana nao ni wazazi.

6. Wapo wanaomeza dawa kila siku na hakuna anayejua

Katika shule yoyote kubwa ya jiji hili kuna vijana waliozaliwa na VVU, wamekua, wanasoma, wana ndoto zao. Kuna wenye siko seli, wanaopatwa na maumivu makali baridi ikizidi au wakikosa maji. Kuna wenye pumu na kifafa. Tarehe ya kliniki ikiangukia siku ya mtihani wa wiki, kijana anachagua mtihani. Akikosa kipindi kwa ajili ya kliniki, anaadhibiwa kwa utoro na hawezi kujitetea bila kujifichua.

Tulichofanya katika shule mbili tatu ni kibali cha jumla: kadi ya ruhusa ya kituo isiyotaja ugonjwa, inayofanana kwa mwenye jino bovu na kwa mwenye VVU. Mwalimu wa malezi anaitambua, getini wanaitambua. Siri ya majibu ya VVU inalindwa na sheria ya 2008, na tangu marekebisho ya 2019 kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kuomba ridhaa ya mzazi. Vijana wengi hawajui. Nawaambia.

Kwa wenye siko seli, nawaomba walimu mambo mepesi: chupa ya maji mezani, ruhusa ya kwenda chooni, na wasisimamishwe juani.

7. Mzazi hakatai mafundisho, anataka kumjua mfundishaji

Kuna mama mwenye duka la vitenge alinijia juu katika mkutano wa wazazi: "Mnawafundisha watoto wetu uzinzi!" Nilimsubiri amalize, kisha nikamuuliza, "Dada, wewe ulifundishwa na nani?" Akasema, na somo yake, bibi mmoja wa Kizaramo, alipovunja ungo.

Hapo ndipo penyewe. Kwa desturi ya pwani mama mzazi hazungumzi na binti yake mambo ya unyumba. Ni aibu kwa wote wawili. Kazi hiyo ilikuwa ya somo, ya kungwi, ya shangazi. Mvulana alikuwa na jando. Mji umewatawanya hao. Shangazi yuko Kibaha, bibi yuko Kisarawe, na binti yuko peke yake na simu. Wazazi hawakuacha wajibu wao. Mtu waliyemtegemea hayupo tena jirani. Nilipoanza kujieleza kwao kwa namna hiyo, kwamba nipo mahali pa somo na wanaweza kuja kuniuliza ninafundisha nini, upinzani ulipungua sana. Yule mama wa vitenge ndiye anayewaita wenzake sasa.

Huwa nawaeleza pia wazi: shuleni hatugawi kondomu wala vidonge vya uzazi wa mpango. Tunafundisha, tunapima, tunaelekeza kituoni. Na kabla sijaanza shule mpya hupita kwa imamu na kwa paroko. Wanaelewa zaidi kuliko watu wanavyodhani.

8. Pedi

Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha mwaka uliofuata kwa sababu bei dukani haikushuka. Msichana asiye na elfu mbili hukosa shule, basi. Weka pakiti kwa viranja wa kike, si kwenye kabati la mwalimu ambalo ufunguo wake uko kwa mtu aliyeko semina. Na choo kiwe na maji na komeo.

9. Asiyesikia naye ana siri

Manispaa ya zamani ya Ilala, ambayo tangu 2021 ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ina Shule ya Viziwi Buguruni na ina Uhuru Mchanganyiko inayopokea wasioona. Kijana kiziwi akihitaji kueleza jambo la mwilini, mkalimani wake karibu kila mara ni mwalimu wake. Atasema nini mbele yake? Nimejifunza alama za msingi za mambo ya afya, na zinanitosha kumwambia nimemwelewa na nitatafuta mkalimani asiye wa shuleni. Kila kituo kinachohudumia shule za aina hii kingefaa kuwa na muuguzi mmoja anayejua lugha ya alama vizuri kuliko mimi.

10. Fedha, na siku zisizo za kawaida

Msamaha wa matibabu kwa watoto unaishia miaka mitano. Wa miaka 15 analipa. Toto Afya Kadi, bima ya watoto, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na Machi 2023 mfuko wa bima ulielekeza watoto waandikishwe kupitia shule badala ya mmoja mmoja. Novemba mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Kwa mtoto wa mama ntilie, bima ndiyo tofauti ya kutibiwa leo na kutibiwa ugonjwa ukishakomaa.

Na tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, ilikuwa katikati ya msimu wa mitihani ya kidato cha nne. Miongoni mwa wanafunzi wa mitaa hii walikuwamo wenye wazazi na kaka wanaofanya kazi madukani. Baada ya siku ile walikuja vijana wasiolala, wanaoshtuka mlango ukibamizwa, wanaolia bila kujua sababu. Hawakuhitaji kidonge. Walihitaji mtu wa kukaa nao, na walimjia yule waliyekuwa wakimfahamu tayari.

Kwa hiyo naomba hivi. Kama wewe ni mjumbe wa bodi ya shule au kamati ya shule, kikao kijacho tengeni chumba kimoja chenye mlango na siku moja ya wiki, kisha andikeni barua kwa mganga mkuu wa halmashauri mumwombe muuguzi wa kudumu, wa kike na wa kiume kwa zamu. Hilo halihitaji mfadhili. Na wewe kijana unayesoma haya, kama shuleni kwenu hakuna nesi bado na kuna jambo linalokutisha, piga 116. Ni simu ya mtoto, haina malipo, na inapokelewa usiku na mchana.